Kamera Iliona Kamba, Haikumsikia Ng'ombe

"Yule mwanafunzi wako wa simu amepumzika." Hivyo ndivyo mkewe alivyonieleza kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia na sasa ana shughuli za matanga mbele yake. Nilikuwa kwa kinyozi mjini Nyeri, nusu ya kichwa imenyolewa. Nilimwomba kinyozi asubiri kidogo, naye akaizima mashine bila kuuliza. Nyinyi mnaosoma safu hii mara kwa mara mnajua kwamba kazi yangu hapa ni kueleza vifaa vya kisasa polepole, ili asiwepo anayeona haya kuuliza. Leo niruhusuni nimweleze mtu. Kifaa kitakuja, maana bila kifaa nisingemjua.

Alizaliwa magharibi mwa nchi, akaletwa Nyeri na serikali akiwa kijana wa idara ya maji, akidhani angehamishwa upesi. Hakuhamishwa. Alioa binti wa Kirinyaga, karibu na Kutus, akanunua shamba dogo Tetu, akapanda majani ya nepia na kuanza kufuga ng'ombe wa maziwa. Kikuyu chake hakikuwahi kukomaa. Kila asubuhi alipopeleka mkebe wake barabarani, kina mama waliosubiri gari la maziwa walimsalimia kwa makusudi, wapate kucheka jibu lake. Naye alijua, na alijibu vilevile. Alipostaafu alipata kazi ya kutunza stoo ya hoteli moja Nanyuki, akawa anarudi nyumbani mwisho wa juma. Hapo ndipo alipoanza kuwaza juu ya zizi lake, na hapo ndipo aliponijia, simu mkononi, akasema, "Nifundishe kuona nyumbani kwangu nikiwa kazini."

Nilimfundisha kama ninavyowaeleza nyinyi. Kamera inafungwa ukutani na fundi, inaunganishwa na intaneti ya nyumbani, na picha zake zinapita humo hadi kwenye programu iliyo ndani ya simu yako, popote ulipo. Nywila iliyokuja na kamera kutoka dukani ibadilishwe siku hiyohiyo, kwa sababu anayeijua anaweza kuchungulia kwako kama wewe unavyochungulia. Mtandao ukilegea, picha hukwama, na unachokitazama huwa ni jambo lililokwisha pita. Alinisikiliza kwa makini, akarudia kila hatua kwa vidole vyake vinene mpaka akaweza. Kamera aliyoichagua ilikuwa imara, ya kustahimili mvua, ila haikuwa na sauti. Alisema hahitaji sauti. "Mwizi hapigi kelele," aliniambia.

Basi ikafika siku ambayo mkewe alikwenda Kutus kumwona binti yao aliyekuwa amejifungua. Mfanyakazi wa shamba naye alitoka mchana kwenda kusaga unga, na mvua ikamzuia huko. Rafiki yangu, akiwa stoo Nanyuki, alifungua simu kama ilivyokuwa desturi yake. Ndani ya zizi aliona mgongo wa mtu. Mtu huyo alikuwa amejifunika gunia kichwani, vile sisi wa huku hulikunja pembe moja ndani ya nyingine likawa kofia ya mvua, na mkononi alikuwa na kamba. Ng'ombe mwenyewe alionekana nusu tu, kwa sababu nguzo ilimkinga. Kamba ilikuwa imekazwa, mtu anavuta. Rafiki yangu hakuhitaji kuona zaidi. Alimpigia kiongozi wa vijana wa bodaboda pale njia panda na kumwambia, "Kuna mtu anaiba ng'ombe yangu sasa hivi. Wahini." Mnajua mwizi wa mifugo hufanywa nini akishikwa na umati. Yeye pia alijua.

Aliendelea kutazama. Aliwaona vijana wakiingia langoni na rungu. Aliona rungu moja ikiinuliwa, na hapo picha ikakwama. Punde simu ikalia. Alikuwa mama mwenye duka ng'ambo ya barabara. "Mzee, umetuma vijana wampige jirani yako?" Kisha simu ikakatika, kwa sababu mvua ilikuwa imeuharibu mtandao. Alijaribu kumpigia tena, hakumpata. Aliwapigia vijana, hawakushika. Aliomba ruhusa kazini akaondoka, na njia yote ya kurudi Tetu, ile picha ya rungu iliyoinuliwa ilibaki kwenye kioo cha simu. Aliniambia baadaye kwamba aliogopa kuizima. Ilimjia kwamba maadamu rungu haijashuka, jirani yake bado yu hai.

Jirani huyo alikuwa mkulima wa kahawa ambaye shamba lake lilipakana na la rafiki yangu. Walisalimiana, waliazimana jembe, lakini hawakuwa wameingiana nyumbani. Siku ile alimsikia ng'ombe akilia kilio kile ambacho mfugaji yeyote hukitambua. Ndama alikuwa amekwama akizaliwa. Akajitwika gunia, akachukua kamba, akaruka ua. Vijana walipofika alikuwa ameifunga kamba kwenye miguu ya mbele ya ndama, mkono mmoja ukiwa ndani na mwingine ukivuta. Rungu ya kwanza ilimpata begani. Ya pili haikushuka, kwa sababu mama wa duka alikuwa amewafuata mbio kwenye tope akipaza sauti, "Huyo ni wa hapa! Huyo ni wa hapa!" na kwa sababu ng'ombe alilia tena, na safari hii walikuwa karibu vya kutosha kusikia. Vijana walitupa rungu zao wakashika kamba. Ndiyo sababu hawakushika simu, mikono yao ilikuwa inateleza. Rafiki yangu alipowasili alimkuta ndama amesimama akiyumba, na jirani amekaa juu ya debe, bega limevimba, anakunywa chai ya mama wa duka.

Kesho yake rafiki yangu alinijia akiwa na swali ambalo halikuhusu simu. "Nimwendee na kuku au mbuzi?" Kwao mtu wa heshima hupewa kuku. Huku kwetu neno zito huhitaji mbuzi. Nilimwambia nadhani mbuzi. Aliwaza, kisha akaenda na vyote viwili, kuku kwapani na mbuzi kwa kamba, na mimi nikimfuata kama shahidi. Jirani alitoka mlangoni, akaitazama kamba ya mbuzi.

"Mzee, leo wewe ndiye uko na kamba," alisema. "Niite vijana?"

Rafiki yangu alitaka kucheka, akashindwa. "Nisamehe. Niliona mtu anavuta ng'ombe yangu."

"Uliona gunia. Hata kukupungia mkono singeweza, mikono yote ilikuwa na kazi ya ng'ombe yako. Ungenipigia simu mimi, ningeiachilia kamba nikwambie."

"Sina nambari yako."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii."

Jirani alimpokea kuku, akamgeuza, akampima uzito. "Na huyu ni wa nini?"

"Kwetu huyo ndiye mkubwa."

"Kwenu mnapiga mtu rungu mnamletea kuku?" Hapo alicheka mwenyewe, akiushika mkono ule wa bega bovu. "Mwache. Na mbuzi umwache. Lakini niko na neno moja. Hiyo kamera inaangalia mpaka mlango wa stoo ya kahawa yangu. Niwekee na mimi kwa simu, nione chenye unaona."

Wengine wangekataa. Yeye alinigeukia tu akaniuliza kama inawezekana. Inawezekana, na ni rahisi, kwa hiyo nanyi sikilizeni. Usimpe mtu nywila yako. Ndani ya programu kuna mahali pa kumwongeza mgeni. Unaingiza nambari ya simu yake, yeye anapakua programu hiyohiyo, unamkubalia, naye anaona bila kuweza kubadilisha chochote. Siku ukitaka, unamwondoa. Tulifanya hivyo pale pale, mbuzi akitafuna kamba yake. Tangu hapo rafiki yangu alipigiwa simu Nanyuki mara nyingi, si kwa ajili ya wezi. "Mzee, umeanika mahindi na mvua iko Aberdare inakuja. Nitoe?" Na kabla ya kupigia vijana wowote, alimpigia jirani kwanza, akiuliza.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Wakati wao ilikuwa kweli. Leo fimbo ya mbali imepewa simu, na inaweza kumuua mtu aliyekuja kukusaidia. Siwakatazi kamera. Watoto wetu wako mbali, wazee wamebaki shambani peke yao, na ninafurahi ninapomwona mama akimwonyesha mwanawe aliye ng'ambo jinsi viazi vilivyochipua. Ila tumeanza kuzifahamu nyumba zetu kwa macho na kuwasahau wanaozisikia. Zamani mtu akisafiri alipitia kwa jirani kusema, "Natoka, niangalizie." Maneno hayo mawili yalimpa jirani ruhusa ya kuruka ua. Siku hizi tunafunga kamera na kuondoka kimya, kisha tunashangaa kumwona mtu ndani ya zizi.

Kazi ya Nanyuki aliiacha, akarudi kukaa na ng'ombe wake. Asubuhi aliyougua, mkewe alikuwa Kutus tena kwa wajukuu. Jirani alikuwa anakunywa uji, akafungua simu kama alivyozoea. Zizi lilionekana sawa kabisa, ng'ombe amesimama penye kihori, hakuna mtu. Lakini dirisha lake lilikuwa wazi, na alimsikia ng'ombe akilia kilio cha ambaye hajakamuliwa. Aliiweka simu mezani, akavaa gambuti, akaruka ua. Alimkuta rafiki yangu amekaa juu ya kigoda nyuma ya ile nguzo, pale ambapo kamera haikuwahi kufika, mkono kifuani. Alimwegemeza begani hadi gari lilipopatikana, akampakata njia yote, na hospitalini mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa jirani pumzi ilipokoma. Ndiyo maana mkewe aliweza kunieleza bila sauti kukatika. Mumewe hakufa peke yake.

Kwenye matanga mkewe aliniuliza kama aiondoe kamera. Nilimwambia aiache, itamsaidia. Wewe uliye nayo nakuomba jambo moja dogo, tena halihitaji fundi. Kabla hujasafiri tena, pita kwa jirani uchukue nambari yake, umpe yako, na umwambie akimsikia ng'ombe wako analia, aruke ua.