Redio Iliyosikia Bila Kusikika

Mtaani walimwita Pimamaji, na jina lilimkaa barabara. Alikuwa mwashi. Hakupokea mfuko wa saruji bila kuunyanyua kwanza, wala hakuusifu ukuta wa mwenzake kabla hajauwekea pimamaji, kile kifaa chake chenye kipovu. Maneno yake yalikuwa machache. Macho yake ndiyo yaliyouliza maswali.

Siku alipopata leseni ya redio ya ridhaa, ile ambayo watu huitumia kuzungumza na wageni wa mbali kwa kupenda tu, mkewe alijua kazi ndiyo kwanza inaanza. Mtu pekee waliyemfahamu mwenye ujuzi huo alikuwa kaka wa huyo mke, fundi majokofu, mcheshi asiyefunga mdomo. Na huyo alikuwa na karibu mwaka hajakanyaga nyumbani kwao, tangu Pimamaji alipoligongagonga mbele ya wageni kabati alilowaletea zawadi, akitafuta mbao za uongo.

Hata hivyo alikuja, redio kwapani.

"Shemeji, usinunue mpya," alisema. "Hii yangu ya zamani inakutosha. Fedha zako zitie kwenye antena. Redio ghali yenye antena mbovu ni sawa na kupiga kelele ndani ya pipa."

"Mbona unaiachia?"

"Nimepata nyingine."

"Nzuri kuliko hii?"

"Nzuri zaidi, ndiyo."

"Basi hii ina nini?"

Shemeji alicheka. Pimamaji hakucheka. Aliendelea kuelekezwa: waya wa antena upandishwe juu kadiri inavyowezekana, ncha zake zifungwe kwa kamba ya nailoni, zisiguse chuma, betri ya gari iwe imejaa chaji, na asithubutu kubonyeza kitufe cha kusemea kabla ya kuunganisha antena, maana redio inaweza kuungua.

"Sikiliza kwanza, usiwe na haraka ya kusema. Jumamosi nitapita. Ikiwa haikufai, naichukua, hatutagombana."

Neno hilo la mwisho lilimtia Pimamaji shaka. Nani anataja ugomvi ambao haujatokea?

"Usimrudishie kaka yangu redio kwa maneno makali," mkewe alimwambia walipobaki wawili. "Safari hii akiondoka na kinyongo, harudi tena. Na mimi sina ndugu mwingine."

Pimamaji aliitikia kwa kichwa, akatoka kwenda kufunga antena. Lakini ile kamba ya nailoni ilimkera. Mwashi gani anaamini nailoni? Inalegea juani. Akaona hapo ndipo penye mtego: antena ianguke, kisha lawama iwe yake. Akaiweka kamba kando, akachukua waya wa kufungia nondo. Ncha moja akaikaza kwenye bati la paa, nyingine kwenye nguzo ya chuma ya uzio, akaisokota kwa koleo mpaka antena ikanyooka kama uzi wa kupangia matofali. Ungeweza kuanika nguo za mtaa mzima.

Akawasha. Sauti zikaja. Akasikiliza siku mbili kama alivyoagizwa, kisha akajipa moyo, akabonyeza na kutaja herufi na namba zake za leseni. Kimya. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Watu waliendelea na mazungumzo yao kana kwamba hayupo.

"Ina masikio, haina mdomo," alimwambia mkewe. "Kaka yako alijua."

Jumamosi shemeji alipofika, alikuta redio imefungwa kwenye boksi, iko mlangoni. Mke amesimama kati yao, mkono shavuni.

"Chukua kitu chako," Pimamaji alisema.

Shemeji hakuinama. Alikuwa ameinua macho juu ya paa. "Nani amefunga hivi?"

"Fundi."

Shemeji aliitoa redio kwenye boksi, akaiunga na betri, kisha akatoa mfukoni kipimo chenye mshale, akakiunganisha kati yake na antena. "Bonyeza." Mshale uliruka mpaka mwisho. "Unaona? Nguvu yote inakurudia. Umeishikiza antena kwenye bati, shemeji. Shukuru redio hii inajikinga, nyingine ingeshaungua."

"Mshale umekuja nao wewe."

"Sawa. Mimi sigusi kitu. Panda mwenyewe."

Pimamaji alipanda. Aliondoa waya wa nondo, akakata vipande vya bomba la plastiki, akavitia kati ya waya wa antena na ile nailoni asiyoipenda, akafunga upya pande zote mbili. Aliposhuka, alimkuta shemeji kaketi, mikono juu ya magoti.

"Mikono yangu hii hapa. Ichunge."

Pimamaji alibonyeza, akajitaja kwa sauti ya chini.

"Nakupata vizuri," alijibu mwanamke, mbali sana, "ingawa unaongea kama mtu aliyejificha uvunguni. Huku kwetu mvua kubwa."

Pimamaji alichungulia nje. Jua kali. Akamgeukia shemeji. "Ni mtu wako huyu?"

"Simjui."

Akabonyeza tena. "Mama, unamfahamu fundi majokofu mmoja, ana maneno mengi?"

"Baba, mafundi majokofu wote wana maneno mengi."

Mke ndiye aliyeanza kucheka, akashindwa kujizuia. Pimamaji aliaga hewani, akazima, akakaa akiupangusa mfuniko wa redio ambao haukuwa na vumbi. Kisha, bila kumtazama shemeji aliyekuwa ubavuni pake, alimwambia mkewe:

"Muulize kaka yako kama atakula hapa."

"Mwambie nitakula," shemeji alisema, naye akimtazama dada yake. "Ila chakula aonje yeye kwanza."

Mke alikwenda jikoni, akatoa sahani tatu.