Mabakuli ya Zanana

Juzi mtoto wa dada yangu, anayefanya kazi hotelini Paje, kanipigia simu: "Mama mdogo, nna wageni wanakuja mjini. Ile barabara ya sinema, wakale wapi?" Nikamwambia ngoja nkapaone. Nimepita kule mara tatu, kwenda na kurudi, na kila nilipoambiwa "karibu mama, kaa kitako" sikukaa. Sinema ishafungwa zamani. Ukutani pake wameweka viti vya rangi na kibao cha urojo. Nikauonja wimawima. Mtamu kama uji! Urojo gani hauna ukali wa embe mbichi? Nikaliweka bakuli nikaondoka, na tokea hapo situlii, nalala naamka na jambo hili hili.

Weye uliyekulia mitaa ya Ng'ambo utakumbuka. Kabla hujaufikia mlango wa sinema ushashiba kwa pua: mishkaki huku, muhogo wa kuchoma kule, kahawa, tangawizi. Na kwenye baraza ya ukuta, hatua chache tu kutoka mlangoni, sufuria la bibi yangu mzaa mama. Asubuhi nyumbani Kikwajuni kazi yangu ilikuwa kumenya mbatata zingali moto, vidole vinaniungua, naye anakoroga unga na manjano huku ananambia, "Urojo haumtaki mtu wa mawazo, utashika madonge."

Siku yake kubwa ilikuwa zanana, onesho la alasiri la wanawake peke yao. Mabibi wa mjini hawakuwa wakila njiani, ilikuwa aibu. Basi kila mmoja alikuja na bakuli lake la nyumbani ndani ya buibui, na kila bakuli lina alama: hili ua, hili ufa, hili limefungwa uzi mwekundu. Mie naingizwa bure. Yakikaribia mapumziko napita safu kwa safu nayakusanya, nayatoa nje, Bibi anayajaza, na taa zikiwaka kila mtu ana chake mkononi. Nafasi yetu pale ilikaa juu ya mabakuli hayo. Bila hayo, Bibi alikuwa mwanamke tu mwenye sufuria barabarani.

Bawabu wa sinema alikuwa akitutafutia sababu. Dada yake kahamia karibu na sinema, anakaanga bajia, na baraza ile anaitaka. Akimwambia Bibi mbele za watu, "Bi mkubwa, siku utakayowachelewesha wanawake hawa, mie simo."

"Mie nlichelewa kuolewa tu, mwanangu," Bibi akimjibu. "Kupika sijachelewa."

Watu wakicheka. Yeye hacheki.

Siku yenyewe ilikuwa picha ya Kihindi, ya mama aliyepotezana na mwanawe sokoni. Mie mama yangu kaniacha nna miaka mitatu, kafuata mume bara, hata sura yake siijui. Nimeshayakusanya mabakuli, nimeyapakata kifuani, mlango huo hapo. Yule mama kwenye picha akageuka. Nikasema nimtazame uso tu. Nikakaa chini. Ukumbi mzima unalia, nami nalia, machozi yanadondokea mabakuli ya watu.

Taa zikawaka.

"We mtoto! Mbona bakuli langu tupu?"

"Njaa yote hii! Bibi yako kalala?"

"Mwacheni, anamlilia mama'ke aliyekimbia!"

Wakacheka. Bawabu akaufungua mlango kwa nje, akaingia dada yake na sinia la bajia na chatne ya nazi, moto moto, kama mtu aliyekuwa ameshalishika siku nyingi. Nilipotoka nikamkuta Bibi kashika upawa, sufuria limejaa. Bawabu akasema, "Nlikwambia, Bi mkubwa. Zanana ijayo usijisumbue."

Nnawataja, wala sioni haya. Bawabu. Dada yake. Na yule mke wa karani, jirani yetu kabisa, aliyekula mbatata zetu tokea mie natambaa, na siku ile akang'ata bajia ya kwanza mbele ya macho yangu, asiseme hata mwacheni mtoto. Wenziwe safu nzima vilevile. Wengi washakufa. Mie mzima, nasema.

Tulirudi Kikwajuni sufuria likiwa kichwani kwa Bibi, nami nyuma na mabakuli mawili ambayo wenyewe hawakuyataka tena. Mlangoni jirani mwengine akauliza, "Bi mkubwa, mbona mapema?"

Bibi akaniangalia. Kisha akashika goti, akamjibu jirani. "Miguu, mwanangu. Miguu imenikataa. Kule sendi tena."

Na kweli hakwenda. Akawa anapikia watu majumbani mwao, kwa masufuria yao, na kila akitoka nje anachechemea. Ndani ya nyumba alikuwa akitembea sawasawa, akisikia hodi tu anaanza tena. Hakunigombeza hata siku moja.

Siku hizi wanawake wanakula barabarani na hakuna anayewasema. Zanana hamna, bawabu hayupo, hata wa kumchukia nimebaki naye kichwani tu. Lakini Bibi alichechemea kwa ajili yangu miaka, mpaka watu wakamchongea mkongojo, naye akaupokea, akashukuru. Siku ya maziko yake wanawake walikaa ukumbini kwetu wakisema maskini, ile miguu yake. Nami nikawapitishia kahawa, nikaitikia.