Marahaba ya Mtani

Kwa miaka yote niliyofanya kazi na mzee wa stoo sikuwahi kumpa shikamoo, na mtu asiyejua kwetu angesema sina adabu. Ananizidi umri, ni wa kuitwa baba. Lakini yeye ni Mmakua wa Chiungutwa na mimi ni Mmakonde wa Chilangala, kule juu Newala, na makabila hayo mawili ni watani, hutukanana bila kukasirikiana. Asubuhi nikipita mlangoni kwake, kwenye kiwanda chetu cha kubangua korosho hapa Masasi, nilimwambia, "Mla panya, bado hujafa tu?" Naye bila kuinua macho kutoka kwenye magunia yake, "Nife nani atawakumbusha kuoga, nyie watu wa mlimani?" Maana huko kwetu juu maji ni ya taabu, na Wamakua wanalijua hilo na hawatusamehe. Baada ya hapo ndipo nilipofungua ofisi yangu.

Naanza na hilo ili nikifika kwa meneja msinione nina roho mbaya bure.

Nilikuwa afisa utumishi wa kiwanda, na nilikuwa nasomea shahada ya pili, masta ya usimamizi wa rasilimali watu, kwa masafa. Wenzangu wakienda kucheza unyago, mimi nimeinamia kompyuta. Mama zangu wadogo waliniuliza kama makaratasi yale yatanipikia uzeeni. Meneja, ambaye wenye kiwanda walimleta kutoka mji mkubwa na shati lake la kunyooshwa, alinicheka usoni. "Masta ya nini kwenye korosho? Korosho inataka mikono." Kila nilipoomba ruhusa ya kwenda chuoni, aliiacha mezani mpaka nimfuate na kumbembeleza, na alipenda kubembelezwa. Nilikuwa nikitoka pale, nikipita stoo mzee ananiuliza, "Imeiva?" Yaani masta. Nikimjibu bado, anasema, "Haya, pika. Siku ikiiva naikaanga kwa chumvi na kuila mbele yako, tuone utabaki na nini, wewe usiyekuwa na hata maji ya kunawia." Katika kiwanda kizima ni yeye peke yake aliyeniuliza nimefika wapi.

Tasnifu yangu ilihusu namna wafanyakazi wanavyomaliza malalamiko yao. Niliandika nilichokiona. Wanawake wawili wa ubanguaji wamegombania ndoo, wamenuniana wiki nzima, mmoja anasema atakuja kushtaki kwangu. Anapita mtani wao, anawatukana wote wawili na ukoo wao, wanacheka, ndoo imesahaulika. Malalamiko mengi yaliishia hapo kabla ya kufika mezani kwangu. Msimamizi wangu wa chuoni aliirudisha sura hiyo imejaa wino mwekundu. "Utani ni nini kitaaluma? Ondoa." Nikamwandikia maelezo marefu, kwa heshima zote, nikimweleza nani ni mtani wa nani na utani una kazi gani kwetu. Akajibu kwa neno moja, "Ondoa." Nilimchukia mtu yule ambaye sijawahi kumtia machoni, nikalala na chuki hiyo na kuamka nayo.

Nikiwa nasubiri tarehe ya kwenda kuitetea tasnifu, mama yangu akafariki kule Chilangala.

Sitasimulia msiba wote. Nasema tu kwamba sikuweza kulia. Nilikaa kwenye mkeka na wanawake, uso mkavu, watu wakaanza kunitazama kwa jicho la kunishuku. Ndipo likaingia pikapu la kiwanda, limeletwa na watu wa kazini, na juu yake mzee wa stoo amekaa katikati ya madumu ya maji. Alianza kupiga kelele kabla hajashuka. "Yuko wapi huyu bibi? Nimemletea maji kutoka Masasi. Maisha yake yote hajaoga, huko aendako watamrudisha mlangoni." Watu wakaangua kicheko, wengine machozi yakiwatoka. Akaenda mpaka makaburini, akakaa ukingoni mwa kaburi, akagoma, kama ilivyo kazi ya mtani msibani. Hazikwi mtu hapa mpaka apewe kanga ya marehemu, kwa sababu bibi huyu alimtukana miaka yote kila aliposhuka Masasi kunitembelea, na kanga ndiyo fidia yake. Akapewa. Akajifunga kiunoni, akazunguka kaburi akimlilia mama kama wanavyolia wajane, na mimi hapo hapo nikalia, nikalia mpaka nikashikwa na watu. Maji yale ndiyo yaliyopikia msiba mzima. Kwetu, mtu aliyekuletea maji mlimani siku hiyo, humsahau.

Mhasibu wetu, mgeni kama meneja, alirekodi kwa simu. Akaituma kwenye kundi la WhatsApp la kiwanda, na vikatuni vya kucheka.

Niliporudi kazini meneja aliniita ofisini. Alinipa pole kwa sauti ya chini, akafunga mlango. Akasema ameona jinsi mfanyakazi wake alivyomwita marehemu mama yangu mchafu mbele ya umati, akazuia mazishi na kudai mali, na kwamba kiwanda hakivumilii udhalilishaji. Anachohitaji ni malalamiko yangu kwa maandishi, afukuze mtu. Nikamwambia hakuna malalamiko, yule ni mtani wangu. Akanitazama kwa huruma, na huruma yake ilinikera kuliko dharau zake zote.

"Wewe ni msomi," alisema. "Unasomea mambo haya haya. Udhalilishaji wa mfanyakazi ni nini?"

"Haikuwa kazini. Ilikuwa kwetu, msibani."

"Alikwenda na gari la kampuni." Kisha akavuta ombi langu la ruhusa ya kwenda kutetea tasnifu, akaliweka katikati ya meza. "Andika, nami nitie saini hapa. Nakutetea wewe, ujue."

Nilisimama. Nilimwambia akae na saini yake, na kwamba kama hakuelewa alichokiona kwenye simu ile, angeuliza hata mfagizi. Nikatoka bila kuaga. Nikajua masta imekwenda na maji, na kwa mara ya kwanza nilitamani kumpiga mtu mzima kofi.

Akaitisha kikao cha nidhamu bila malalamiko yangu. Mimi ndiye katibu wa vikao hivyo, akanitoa, akaniweka shahidi. Kwenye meza walikaa yeye, mhasibu, na msimamizi wa zamu, Mmakonde mwenzangu aliyezaliwa hapa hapa na kutukanwa na Wamakua tangu ananyonya. Nilimtazama huyo aseme neno. Alitazama viatu vyake mwanzo mpaka mwisho, na mpaka leo tukikutana sokoni napita upande wa pili.

Mzee alikaa kwenye kiti cha plastiki, kofia mkononi. Ana wajukuu anaowasomesha kwa mshahara wa stoo, na umri wake si wa kuanza kutafuta kazi. Meneja akaniuliza, nijibu ndiyo au hapana: alimwita marehemu mama yangu mtu asiyeoga? Nikaanza kusema huo ni utani, sisi na Wamakua. Akanikata. Ndiyo au hapana. Ndiyo. Alizuia kaburi mpaka apewe kanga? Ndiyo, lakini. Nililia baada ya hapo, ndiyo au hapana? Nikamwambia, "Nililia kwa sababu ndiyo kwanza nimeweza kulia, na huyu ndiye aliyeniwezesha." Akaandika neno moja tu, nililiona kwa upande wangu wa meza. Ndiyo.

Akamgeukia mzee. Ana la kusema? Mzee akanitazama, nikaona mdomo unacheza, nikajua tusi linakuja. Moyoni nikasema litoe, tafadhali litoe, uwafundishe hawa. Akamtazama meneja. Akalimeza. "Naomba radhi," alisema. "Sikujua kama ni kosa."

Hawakumfukuza. Alipewa onyo la mwisho. Akitamka tena neno la kashfa kwa mfanyakazi yeyote, mwanamke au mwanaume, kwa mzaha au kwa kweli, ameondoka siku hiyo hiyo. Meneja alituita wote wawili kutusomea, akajiona mtu wa haki, kisha nakala ya onyo ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo, kila mtu aisome. Jioni yake akanipigia simu nikachukue ruhusa yangu. "Unaona sina ubaya na mtu?" alisema. Saini ilikuwa kubwa, ya mbwembwe. Niliichukua. Sikumshukuru, na alingoja nishukuru.

Nikaenda chuoni, nikatetea. Msimamizi wangu alikuwepo, mtu mdogo mwenye mafua, akiniangalia kwa macho ya nilikukanya. Maana sura ya utani sikuiondoa. Wakaniuliza mahali pa kazi pa kisasa pana haja gani na mambo hayo. Nikawaeleza kuhusu ndoo ya wanawake wale, na kuhusu madumu ya maji, na sauti ilikuwa kali kuliko inavyotakiwa mbele ya maprofesa. Nikawaambia kuna kiwanda nakijua kilichokataza utani kwa barua, na sasa wanawake wa ubanguaji wanapanga foleni kwangu kushtakiana ndoo. Waliandika. Nilifaulu.

Niliporudi Masasi sikupita ofisini kwanza. Nilikwenda stoo, nimevaa suti ile ile ya kutetea, vumbi la basi mgongoni. Alikuwa anahesabu magunia. Nikasimama mlangoni, nikasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Mla panya, imeiva. Niko hapa nayo, na sijaoga tangu juzi. Njoo uile."

Aligeuka. Uso wake ukafunguka kidogo, nikauona ule mdomo unacheza. Nikangoja. Sijawahi kungoja tusi kwa hamu ile maishani mwangu. Kisha macho yake yakapita begani kwangu, yakaenda kwenye dirisha la meneja, linaloangalia stoo, na pazia lilikuwa wazi.

Akavua kofia.

"Hongera sana, mama," alisema. "Habari za safari?"

Alikuwa hajawahi kuniita mama. Nilitaka kumtukana mimi, nimtukane yeye na ukoo wake mpaka achoke kujizuia, lakini nikawakumbuka wale wajukuu. Neno nililobakiwa nalo ni lile ambalo kila mtoto wa kwetu anampa mzee asiye mtani wake.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba," akajibu, akarudi kwenye magunia yake.