Kalunguyeye wa Bugwema

Moshi wa nyasi za porini una uchungu unaokaa kooni, na kila nikiusikia hukumbuka kiangazi kimoja cha Bugwema, nilipokuwa na miaka tisa. Baba mdogo Masatu, aliyetulea mimi na dada yangu Nyabise, alikuwa amepata eneo jipya la kulima pamba. Lilijaa vichaka, mawe na vichuguu, na humo waliishi kalunguyeye, wale wanyama wadogo wa miiba wanaoenea kwenye viganja viwili. Asubuhi moja akalitia moto. Sisi watoto tulipangwa ukingoni na fimbo, tuue kila kitakachotoka.

Panya walitoka kwanza, kisha sungura mgongo ukiwaka. Tulipiga tukicheka. Kalunguyeye hawakukimbia, moto ulipowafikia walijikunja kama mipira, wakaungua hivyo hivyo. Mmoja tu alifika miguuni pangu, naye akajikunja. "Piga huyo! Wanakulaga vifaranga!" baba mdogo akapaza sauti. Nikapiga. Nilipiga mpaka fimbo ikalowa, kwa sababu hakulia, na ule ukimya wake ulinipandisha hasira. Alipokunjuka nikaona chuchu zake zimejaa maziwa.

Nyabise, aliyenizidi miaka minne, aliziona pia. Akanisukuma nikaanguka, akakimbilia kichuguu alikotokea yule mama, akachimba kwa mikono huku nyasi zikiwaka pembeni yake. Akatoa watoto watatu, miiba yao bado laini na myeupe, akawafunga kwenye kanga. Baba mdogo akamfuata. "Nimesema viuawe vyote!" Akampiga usoni kwa mpini wa jembe. Mlio wa mfupa wa shavu ukivunjika niliusikia nilipokuwa. Dada yangu hakuiachia kanga. Aliketi chini damu ikimchuruzika, na hakumtazama baba mdogo, alinitazama mimi. "Alikukosea nini?" akaniuliza.

Watoto wale walikataa maziwa ya ng'ombe. Wa mwisho alikufa siku ya tatu, na Nyabise akamzika peke yake. Nilipotaka kumsaidia aliniambia nikae mbali.

Sasa naishi Musoma mjini, nauza vitenge. Mwaka jana nilikwenda Bugwema na binti yangu, ambaye naye ana miaka tisa. Eneo lile hulimwa kwa trekta, limesawazishwa, hakuna hata kichaka cha kujificha mjusi. Tulikuwa tumeshikana mikono tukilipita. "Mama, wale wenye miiba tuliowasoma shuleni, wapo huku?"

"Walikuwepo."

"Wameenda wapi?"

Ningeweza kusema trekta, na usingekuwa uongo mtupu. Lakini nilimweleza yote, tangu moto hadi yale maziwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akautoa mkono wake mkononi mwangu, akatangulia mbele bila kugeuka.