Mzee Baya Baada ya Zawadi

Mwanangu, naikumbuka vizuri siku niliyomwadhibu mzee wa watu kwa kumheshimu. Usicheke bado.

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na uvivu wa kutoka nje. Basi ofisi ya ushirika pale Kilifi ilipoletewa kompyuta, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, nilikabidhiwa mimi. Kazi ya kukaa kivulini, ningeikataaje? Kabla ya masika zikaja mbegu za mahindi, tena chache. Nikaambiwa niyapange majina ya wanachama kwa alfabeti, watu waitwe hivyo hivyo.

Jirani yangu wa Kibarani, Mzee Baya, alijua B iko mbele. Alifika alfajiri na kikapu chake, akaketi karibu na mlango. Karani akaanza kusoma orodha yangu: Amina. Halafu Charo. Mzee akanitazama dirishani. Dama, Karisa, Kazungu...

"We kijana, kwani mimi nimekufa?"

"Subiri kidogo, baba. Mashine haikosei," nikamjibu, mjinga mimi.

Zawadi akabeba kibaba cha mwisho. Ndipo karani akasoma: "mzee Baya."

Kumbe vijana niliwaandika majina matupu, lakini yeye, kwa adabu zangu, nilimtangulizia "mzee", tena kwa herufi ndogo. Lo! Kompyuta haijui mzee wala mtoto. Inalinganisha herufi ya kwanza kwa ya kwanza. Zikifanana inakwenda ya pili, na zikitofautiana tu, imeshahukumu. Ndani yake kila herufi ina namba, na herufi kubwa zote zimetangulia ndogo. "m" yangu ikaangukia nyuma ya "Z". Hata ningeandika "Mzee", angekaa na akina M.

Nawe juzi unaniapia mashine imerogwa, eti imeweka 10 mbele ya 9! Haijarogwa. Umeipa tarakimu kama maandishi, ikaona 1 na 9, ikamaliza kazi.

Basi sikia: kabla hujaiamuru ipange, herufi zote ziwe za aina moja, cheo kikae safu yake, namba zipangwe kama namba. Kisha isome orodha mwenyewe, ukimfikiria anayengoja mlangoni. Mungu akupe jicho la kuliona kosa kabla mwenye jina hajaliona.

Mimi nilimpelekea Mzee Baya nusu ya mbegu za mama yangu. Alizipokea, akafunga kikapu, akaniambia:

"Mwakani niandike Baya. Hiyo heshima yako haioti shambani."