Mifuko Iliyoshonwa ya Mwalimu Kabati

Watoto walimpa jina la Kabati kabla hajamaliza hata kusalimia. Si makosa yao. Alipoingia mlangoni darasa liliingia giza, na ilibidi ainamishe kichwa asigonge kizingiti. Mabega ya mbeba magunia, viatu kama mikate miwili ya boflo. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yamenifika kifuani, nikajisemea: huyu? Huyu ndiye amfundishe mwanangu, ambaye hata kupenga kamasi hajui?

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mwalimu Mkuu alikuwa ametuita wazazi wa shule ya awali tuje na watoto wetu, tuwajue walimu wapya. Walikuwa wawili. Mmoja binti, msafi, sauti kama kengele, ambaye angechukua wale wakubwa wanaojiandaa kwenda darasa la kwanza. Wa pili ndiye Kabati. Yeye alipangiwa wadogo kabisa, chumba cha Bibi Mwalimu, na chumba hicho ndicho cha mwanangu.

Bibi Mwalimu alikuwa amestaafu, magoti yamemkatalia. Wenzangu walimpigia makofi na kumpa zawadi ya mashuka. Kwangu ulikuwa msiba mdogo.

Mwanangu wa mwisho, msichana, tunamwita Uzi. Ni kitinda mimba. Alikuja wakati nguo za watoto nilishazigawa na dada zake wameshaolewa. Mwembamba, na hunifuata kama uzi unavyofuata sindano. Nyumbani huongea mpaka baba yake huomba msamaha. Akivuka kizingiti chetu, kimya. Hata akibanwa na haja hasemi. Hufanya jambo moja tu: huja akatia mkono ndani ya mfuko wa aproni yangu, akautuliza humo, nami nikajua. Bibi Mwalimu alikuwa na koti la kazi lenye mifuko mikubwa. Mtoto alipoingiza mkono mle kwa mara ya kwanza, bibi wa watu hakuuliza kitu, alimshika wakaenda chooni. Ndiyo maana nilikuwa nikilala bila wasiwasi.

Sasa Kabati.

Mimi ni fundi cherehani. Mtu nikimwona siangalii uso kwanza. Naangalia kola, pindo, mshono wa bega, kisha nikipata nafasi naangalia uso. Kabati alikuwa na shati safi lililopigwa pasi na mtu asiyejua pasi. Suruali nyeusi, kitambaa kizuri, pindo limeshushwa lote mpaka mwisho na bado halikutosha. Halafu nikaona mifuko. Ilikuwa imeshonwa. Yote, ya pembeni na ya nyuma, midomo imefungwa kwa bandi ya mkono, uzi mweupe juu ya kitambaa cheusi, mishono mirefu kama meno ya panya.

Nimeshona suruali tangu nilipoacha shule, na shule niliiacha mapema. Watu huniletea mifuko iliyotoboka. Hakuna aliyewahi kuniambia, fundi, nifungie mfuko. Ila nilimkumbuka mteja mmoja aliyenisimulia juu ya kaka yake aliyetoka gerezani. Alisema kule alivaa nguo zisizo na mifuko, na aliporudi nyumbani hakujua tena aiweke wapi mikono.

Nikamgusa Mama Pacha, jirani yangu, aliyekuwa ameketi pembeni.

"Umeona mifuko?"

"Ya nani?"

"Ya Kabati. Imeshonwa yote."

Mama Pacha hajui kuchungulia. Yeye hutazama kama anayechagua nyanya. "Ehe," akasema, "nimeiona. Sasa?"

"Huyo katoka jela."

"Toba! Jela siku hizi wanasomea chekechea?"

"Nakwambia. Kule hawana mifuko."

"Labda ilitoboka."

"Mfuko ukitoboka unaushona chini, shoga. Huufungi mdomo."

Akamvuta mwanawe mmoja karibu naye, kisha akakumbuka na wa pili.

Binti alitangulia kujitambulisha. Aliimba, watoto wakapiga makofi, wazazi wakatabasamu kama waliokwisha kulipiwa ada. Ikafika zamu ya Kabati. Hakusimama. Alikaa sakafuni, miguu ameikunja, viganja juu ya magoti kama mtu anayepigwa picha.

"Hamjambo wazazi. Mimi ni mtoto wa mfua nguo wa hospitali. Mama alikuwa akiingia kazini jioni, anarudi asubuhi. Mimi ndiye wa kwanza, na chini yangu walikuwepo wengi, wa mwisho bado anatambaa. Kwa hiyo ualimu nimeuanza nikiwa na miaka tisa, bila cheti na bila mshahara."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Ulimi mtamu nao ni nguo, huvaliwa kwa shughuli.

Akaendelea. Alipomaliza shule alifanya kazi kwa muuza samani, akibeba vitanda na meza kupandisha ghorofani. "Kwa hiyo jina mlilonipa, wanangu, haliniudhi. Makabati nimeyabeba sana." Watoto wakaanguka kwa kicheko. Wadogo zake walipojitegemea, ndipo akaenda kusomea ualimu, mtu mzima kati ya wasichana watupu. Mkufunzi mmoja alimwuliza kwa nini asifundishe wakubwa, akasema hawajui wakubwa, anawajua wadogo.

Muda wote huo niliifuata mikono yake. Aliinua mmoja, akaeleza nao, akaurudisha gotini. Akainua wa pili, akaurudisha. Kama vyombo vinavyorudishwa rafuni.

"Kuna mwenye swali?" akauliza Mwalimu Mkuu.

Halafu Mama Pacha, Mungu amsamehe, akapaza sauti: "Mwenzangu hapa ana swali!"

"Karibu, Mama Uzi. Uliza tu."

Nikasimama, na kiti kikasimama nami, kimeninasa kiunoni. Watu walicheka mpaka mtoto wa mtu akalia. Nikakichomoa, jasho linanitoka, nikaona kwa kuwa aibu nimeshaipata, bora niimalize.

"Mwalimu, samahani. Mimi ni fundi wa nguo. Nauliza, mbona mifuko ya suruali yako umeishona?"

Kicheko kikakatika. Yule binti akaitazama suruali ya mwenzake kama ndiyo kwanza anaiona. Mwalimu Mkuu alifungua kinywa, lakini Kabati akamwinulia kiganja taratibu.

"Ni haki yako, mama. Shule niliyotoka nilikuwa na kikohozi. Mfukoni nilikuwa na pipi za kifua. Mtoto mmoja akatia mkono akachukua moja, akaenda nayo kwao. Mama yake akamwuliza, umeitoa wapi? Akasema, mfukoni mwa mwalimu." Akaviweka sawa viganja magotini. "Basi. Hakuna aliyenituhumu. Hakuna aliyeniita kuniuliza kama ulivyoniuliza wewe. Waliwahamisha watoto tu, leo huyu, kesho yule, mpaka nikabaki na viti. Mwanamume kwenye darasa la watoto wadogo, watu humtazama mikono. Nikaona bora mikono yangu isiwe na pa kujificha. Nikazishona suruali zangu zote."

"Umezishona vibaya," nikasema. Lilinitoka tu.

Watu wakacheka tena, kicheko cha kupumua sasa, na Mama Pacha akawaachia wanawe. Mimi nikakaa na shaka yangu vilevile. Jibu lilikuwa limemkaa sawasawa, na nguo ikimkaa mtu hivyo ujue imeshajaribiwa mara nyingi. Halafu wale wazazi wa kule, waliohamisha watoto wao mmoja mmoja, waliogopa pipi tu, au walijua jambo? Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na hapa nguo yenyewe imeshonwa.

Mkutano ukavunjika, wazazi wakaenda kutazama michoro ukutani. Hapo nikahisi sketi yangu imekuwa nyepesi. Uzi alikuwa ameiachia. Alikuwa anamwendea Kabati, ambaye sasa amesimama, na ule mwendo mimi naujua, hatua fupi fupi, mapaja yamebanana.

Akafika pembeni yake. Mkono ukapanda mpaka pale mfuko unapopaswa kuwa. Ukapapasa. Ukafuata mshono juu na chini, kama mtu anayetafuta tundu la ufunguo gizani. Akazunguka nyuma, akajaribu wa pale. Akaenda upande wa pili. Kabati aliinua mikono yote miwili juu, kama aliyeelekezewa bunduki, akaanza kuangaza huku na huku: "Mwalimu mwenzangu! Mama wa huyu mtoto yuko wapi?"

Kabla sijapenya katikati ya viti, maji yalikuwa yameshateremka mguuni kwa mwanangu na kufika kwenye kile kiatu kama mkate. Hakulia mara moja. Alikitazama kiatu, akautazama mshono, ndipo akalia.

Nilimbeba mpaka msalani. Mlezi wa shule, mama mnene mwenye maneno machache ambaye ndiye huwasafisha watoto, alitupa nguo kavu. Nilipotoka, Kabati alikuwa amesimama mbali na mlango, kiatu kimoja kinang'aa kwa maji.

"Mama, niambie. Alikuwa anatafuta nini?"

"Mfuko."

"Mfuko?"

Nikamweleza. Nilitaka kumweleza kwa upole, nikamweleza kwa hasira. Alisikiliza mpaka mwisho, uso umemshuka.

"Kumbe alikuja kubisha hodi," akasema, "akakuta nimefunga mlango."

"Na mikono ukainua! Mtoto anahangaika miguuni pako, wewe umesimama kama mlingoti. Mikono yako nimeiona, mwalimu. Nimeiona vizuri sana. Haikufanya kitu."

"Ningemshika, mama, ungesemaje?"

Ningepiga kelele ambayo ingesikika mpaka barabarani, na yeye alijua.

Mlezi alitoka na ndoo na tambara. "Kumpeleka msalani na kumsafisha ni kazi yangu," akasema bila kututazama. "Yeye kazi yake ni kujua na kuniita. Ila ajue."

Nyumbani nilimsimulia mume wangu. Yeye ni mpaka rangi, amekuja na matone meupe kwenye nyusi, anakula mkate kwa kusimama kwa sababu nimemkataza kukalia viti na zile nguo.

"Namhamisha," nikasema.

"Umpeleke wapi?"

"Popote. Kule kwingine walimu ni wanawake watupu."

"Nao wana mifuko?"

"Wanayo, ndiyo."

"Utajuaje ndani mna nini?" Akatafuna. "Huyu unajua hamna kitu. Mshonee mfuko bwana wa watu, yaishe."

"Nimshonee mtu nisiyemjua?"

"Mke wangu, kwani wale wengine unaowashonea ni shangazi zako?"

Nikamwambia hajui anachosema, na kweli hakujua, alikuwa anatafuta chumvi. Lakini neno lake lilinikaa kooni. Utajuaje ndani mna nini.

Jumapili baada ya kufua nikafungua cherehani. Nilikuwa na kitambaa kizito cha buluu kilichobaki kwa mteja wa mapazia. Kabati sikumpima, jicho langu linatosha, na kitambaa kilikwenda karibu chote. Aproni ndefu, inafika magotini. Mfuko sikuuweka kifuani wala kiunoni kama kawaida. Nilimsimamisha Uzi, nikamwambia anyooshe mkono, nikatia alama ya chaki ulipofika. Chini kabisa, karibu na pindo. Mtu angeiona angesema fundi amelewa.

Halafu nikaja kwenye kitambaa cha mfuko wenyewe. Buluu ilikuwepo ya kutosha. Nikaishika, nikaiweka chini. Nikavuta kipande cha neti ya dirisha, ile nyeupe ya matundu, unaona mpaka ng'ambo. Nikakikata, nikakipiga cherehani mara mbili mbili kila upande. Uzi alikuwa ananitazama. "Mama, huu mfuko hauna siri," akasema.

"Ndivyo ninavyoutaka."

Jumatatu nilifika mapema. Kabati alikuwa anapanga viti. Nilimpa mfuko wa karatasi bila maelezo. Akaikunjua aproni, akaiinua, akaishusha, mpaka akauona mfuko kule chini. Akatia vidole nyuma ya neti, akavitazama.

"Unaonekana ndani."

"Ndiyo."

"Umeogopa pipi, mama?"

"Nimeogopa kila kitu. Humo hamtiwi kitu isipokuwa mkono wa mtoto. Ukiuona, unamwita mlezi."

Hakucheka. Aliivaa, akafunga kamba nyuma kwa shida, vidole vyake vinene, nami sikumsaidia. "Sawa, mama," akasema.

Nikaaga, nikatoka getini. Nyumbani sikwenda. Nilizunguka ukuta, nikasimama nyuma ya tangi la maji, ambapo kuna dirisha lenye vumbi. Uzi alikuwa pembeni na vipande vya mbao, haongei na mtu. Kabati ameketi sakafuni anasimulia hadithi, viganja magotini.

Miguu ilianza kuniuma. Kabati akasimama kuchukua kitabu, na hapo Uzi akainuka. Zile hatua fupi. Akaitazama suruali kwanza, akanuna. Kisha akauona mfuko. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, halafu akaingiza mkono, na mimi kule nje nikaviona vidole vyake vyote, vimetulia.

Kabati alikuwa na kitabu hewani. Hakukishusha. Hakumgusa. Aligeuza kichwa tu, "Mama mlezi, tafadhali!", na mlezi akaja akamshika Uzi mkono, wakatoka.

Ndipo Kabati akatazama dirishani. Sikupata muda wa kujificha. Aliweka kitabu chini, akainua viganja vyake, akanionyesha ndani, akavigeuza, akanionyesha nje. Nikaitikia kwa kichwa. Lakini sikuondoka mpaka mtoto aliporudi, akageuka, nikaona sketi yake ni kavu.

Mpaka leo Uzi yupo chumba kile. Kila Ijumaa Kabati hunipa aproni niifue mwishoni mwa wiki. Kabla sijailoweka, huingiza mkono mfukoni nikaupekua pembe zote. Najua ni neti. Naupekua vilevile.