Kumtafsiria Mama Msonyo

Mama yangu anasonya kuliko mtu yeyote ninayemjua katika Nairobi hii. Wengine huita kufyonya, lakini yeye hafyonyi, anasonya: ulimi unapanda juu, hewa inavutwa polepole katikati ya meno, na kabla haijaisha wewe umeshapungua kimo. Nikiwa mdogo alimsonya mwenye ploti yetu kule Kawangware 46, mzee mwenye nyumba za kupangisha hadi barabarani, na kesho yake mzee akaja na fundi wa choo. Sisi watoto tuliurithi msonyo huo wote. Kuna Wakamba waliorithi kuchonga vinyago, sisi tulipewa huo.

Nayasema haya mapema ili uelewe ugumu wa kazi niliyojitwika, ya kumtafsiria mama huyo aya moja ya Kurani.

Niliolewa Lindi, ndani ya Kibera, na kijana wa Kinubi, nikasilimu. Mama hakupiga kelele. Alisema "sawa," akaendelea kuchambua maharagwe, na tangu siku hiyo hakukanyaga kwangu. Kila Idd nilimpelekea pilau kwa hotipoti. Alikula yote, akaosha hotipoti, akairudisha imejaa muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, na maharagwe. Lakini nikimwambia aje, anatikisa kichwa.

"Hiyo kitabu yenu," aliniambia, "haina mahali ya mama wa kanisa."

Ningemwacha na msimamo wake, lakini magoti yalianza kumsumbua. Anaishi gorofa ya tatu, chumba kimoja na kitinda mimba wetu, mwanamume mzima mwenye ndevu. Jumapili moja nilifika nikamkuta mama amesimama juu ya ngazi, amejifunga kitambaa chake cha kanisani, akimwomba mwanawe amshike mkono washuke. Ndugu yangu alikuwa anaangalia simu. Akasonya. Akamshika mkono, ndiyo, lakini alikuwa ameshasonya. Mama akashuka bila neno, yeye ambaye alimnyamazisha mwenye ploti. Nilikasirika. Nikaapa nitamhamishia kwangu, apende asipende.

Sasa utamhamishaje mtu anayeamini kitabu chako kimemfungia mlango? Nikaona dawa ni kumsomea kitabu chenyewe. Iko aya inayosema juu ya wazazi wakizeeka, mmoja wao au wote wawili. Nikaichukua tafsiri yangu ya Kiswahili, nikaenda nayo Kawangware, nikamgeuzia kwa Kikamba, kwa kuwa mambo ya Mungu mama huyasikia kwa Kikamba tu. Kiswahili kwake ni cha sokoni. Nikamwambia, kitabu kinasema mzazi akizeeka usimwambie hata "Ah."

Mama akafikiri.

"Ah?" akauliza. "Nani amewahi kuniambia Ah?"

"Sio mimi," ndugu yangu akadakia kutoka kitandani. "Mimi sijawahi sema Ah. Uliza yeye."

"Ni kweli," mama akasema. "Hajawahi. Ah ni ya mtu amechomwa na chai." Akanirudishia kitabu kwa heshima, kama anayerudisha sufuria ya jirani. "Hiyo iliandikiwa watu wengine. Hao watoto wao ni wapole."

Ndugu yangu alikuwa anatabasamu. Aya imeshuka kutoka mbinguni, ikapita bahari, ikafika gorofa ya tatu, na kazi yake yote ni kumsafisha yule! Niliondoka nimevimba.

Alhamisi yake tulikuwa na darasa la wanawake pale Lindi, sebuleni kwa bibi mmoja wa Kinubi, mwenye mikeka na kahawa ya tangawizi. Maalima wetu ni mwanamke mtulivu, haharakishwi na mtu. Nikamweleza shida yangu: kwamba hiyo "Ah" huku kwetu haina meno. Mtoto wa Nairobi hamwambii mama yake Ah. Anamsonya. Nikauliza, siwezi kutafsiri nikasema "usimsonye"?

Mwanamke mmoja akacheka hadi akamwaga kahawa. Mwingine akasema astaghfirullahi, utaweka msonyo ndani ya Kurani? Bibi mwenye nyumba akafungua tafsiri yake, ya toleo lingine, akatuonyesha mtafsiri wa hilo ameandika "Akh." Tukaijaribu wote, akh, akh, ikawa darasa la watu wenye mafua.

Maalima akangoja tumalize. Akasema neno la Kiarabu pale ni sauti tu, sauti ndogo ya mtu aliyechoka na mwenzake, na Mungu ametaja iliyo ndogo kabisa ili kubwa zijijue zenyewe. Kama hiyo haifai, matusi yatapata wapi nafasi? Basi mtafsiri hutafuta sauti ndogo ya watu wake. Aliyeandika Ah aliwaza watu wake, aliyeandika Akh naye vilevile.

"Na watu wangu?" nikauliza.

"Watu wako," akasema, "ndogo yao ni ipi?"

Sote tulijua. Lakini hebu iandike. Nilikaa na kalamu nikajaribu, nikaweka n, nikaweka t na s, nikaongeza e tano, ikaonekana kama jina la mji wa Poland. Maalima akaniambia niache kalamu. Kwani mama yangu atasoma au atasikia? Maneno ya Mwenyezi Mungu yako pale pale kwa Kiarabu, hakuna anayeyagusa, na ninachompelekea mama ni maana, kwa mdomo wangu. Halafu, nikiwa navaa viatu, akaongeza jambo ambalo nusura nisilisikie. Tafsiri yangu inasema wazazi wakizeeka "pamoja nawe." Si makosa. Lakini neno lenyewe, akasema, liko karibu na kusema "kwako," pale palipo pako. "Hilo pia umchagulie vizuri."

Jumapili nikarudi Kawangware. Mama alikuwa anakoroga ugali, mwiko mkononi, ndugu yangu mlangoni anafunga kamba za viatu. Nikasimama katikati ya chumba. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na bado nilikuwa sijaona kile ambacho mtoto wa darasa la kwanza angekiona.

Nikaanza kwa Kikamba. Mwaitu, nikamwambia, ndivyo tunavyoita mama kwetu, sikiliza vile inasema. Mzazi akizeeka, usimfanyie hata hii.

Nikasonya.

Na sikusonya kidogo. Nilitaka tafsiri iwe aminifu, kwa hiyo niliuvuta wote, ule wa ukoo, kutoka mzizi wa ulimi. Ukatoka safi, mrefu, ukamfikia mama usoni.

Mwiko ukasimama sufuriani. Hata ugali ulikoma kuchemka. Katika maisha yetu yote ya kusonya mafundi, makonda na wenye ploti, hakuna aliyewahi kumsonya mama akimtazama machoni. Ndugu yangu humsonya akiangalia simu. Mimi nilifanya hivyo nikiwa nimesimama, nimevaa hijabu, kwa jina la dini.

Mwiko ulinipata begani, pamoja na ugali wake, na ulikuwa wa moto.

"Aiya," mama akasema. "Unanisonya mimi?"

"Ndiyo hiyo!" nikamwambia, nikijipangusa bega. "Ndiyo imekatazwa! Hiyo hiyo! Siwezi kuisema bila kuifanya."

Akanitazama. Akamtazama ndugu yangu, ambaye ghafla kamba zake za viatu zilikuwa zimekuwa ngumu sana, hainui kichwa. Mama akazima jiko. Akaketi kitandani, mguu mmoja baada ya mwingine, vile magoti yanamruhusu.

"Mungu wenu anaijua hiyo sauti?" akauliza taratibu.

"Anaijua."

"Na ameikataza. Kwa mzazi yeyote? Hata wa kanisa?"

"Haijasema mzazi wa wapi. Imesema mzazi."

Nikaogopa atalia, kwa kuwa mama akilia mimi huwa sina maana tena. Hakulia. Akasema, "Soma tena. Lakini hiyo ruka."

Nikamsomea tena tangu mwanzo, na mahali pale nikaruka, nikanyoosha kidole hewani badala yake. Na nilipofika kwenye kuzeeka, sikusema "pamoja nawe." Nikasema, wazazi wakizeeka nyumbani kwako.

"Imesema nyumbani kwako?"

"Maalima amesema iko karibu hivyo."

"Kwako wewe."

"Kwangu, mwaitu. Chini. Haina ngazi."

Alinipakulia ugali, na ule wa begani akauokota akautupa.

Alikuja majuma machache baadaye, na Biblia yake, na sufuria yake ya muthokoi, na ndugu yangu nyuma amebeba godoro kichwani bila kusonya. Mume wangu alikuwa ameshampigilia msumari wa kutundikia kitambaa cha kanisani. Nilifikiri sasa tutaishi kwa amani. Mama akaonja chai yangu akauliza kama ni ya kunywa au ya kuoshea miguu. Akasema pazia langu ni la kilabu cha pombe. Akasema nakata vitunguu kama mtu anayevichukia. Nilivumilia mpaka alipohamisha cherehani yangu, cherehani ninayotafutia riziki, akaiweka pembeni penye giza kwa sababu pale ilipokuwa ilimzibia jua.

Ulimi ukaanza kupanda wenyewe. Ukafika juu, ukagota. Nikageuka, mama ananiangalia juu ya kikombe chake, ametulia, anangoja kuona tafsiri yangu ilikuwa ya kweli au ilikuwa ya kumtoa tu gorofani. Nikaumeza ule msonyo, na ulishuka kwa shida.

Mama akauona ukishuka.

"Ukizidiwa sana," akasema kwa upole, "sema tu Ah. Hiyo mimi hainiumi."

Nikasema Ah. Akacheka, mara ya kwanza ndani ya nyumba yangu, akanisukumia kikombe nimwongezee ile chai.